Pampu Saba za Kidahwe

Mwaka ule wa 2015, Warundi walipoanza kushuka melini kwa maelfu na kulazwa uwanja wa mpira, Kigoma ilijaa magari meupe yenye antena ndefu. Vyumba vya kulala wageni vilipanda bei, samaki wa migebuka wakapanda bei, hata salamu zikaanza kuwa na haraka. Watu waliosikitika walikuwa wengi, na waliosaidia walikuwa wengi pia. Lakini walikuwepo na wale walioyatazama magari meupe, wakajiuliza swali moja tu: hela hizi zinapitia mlango gani?

Telesphory Ruhwanya alilisikia swali hilo likiulizwa kwa sauti. Alikuwa amekaa katika duka la intaneti pale Mwanga, kwenye kompyuta ya pembeni, akingoja kitu cha kumtoa kimaisha. Akaingia Mzee Gervasi, mwenye gesti mbili Ujiji, kofia mkononi, jasho shingoni.

"Binti," Mzee Gervasi akamwambia mhudumu, "nimesajili shirika. Sasa naambiwa mfadhili hakuoni kama huna tovuti. Nani anaandika maneno ya tovuti hapa mjini?"

Binti hakupata nafasi ya kufungua mdomo. Telesphory alikuwa ameshasimama, ameshafunga kifungo cha koti, ameshanyoosha mkono.

"Shikamoo mzee wangu. Umefika."

Telesphory alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, sauti laini kama mawese ya moto, na kazi ambayo hakuna aliyeijua vizuri, mwenyewe akiwemo. Alikuwa pia na programu moja aliyoinunua Kariakoo miezi mitatu kabla, ndani ya flashi. Ukiipa makala ya mtu, inabadilisha neno moja moja kwa neno jingine la maana ileile, inakutemea makala mpya ambayo mwenyewe wa kwanza haitambui. Ilitengenezwa kwa Kiingereza, lakini ilikuwa na orodha tupu ya kujazia lugha yako. Telesphory alijifungia wiki mbili na kamusi kuukuu, akaijaza Kiswahili. Ndiyo kazi ngumu pekee aliyopata kuifanya maishani, na tumpe heshima yake hapo.

Kosa lake lilikuwa dogo. Kamusi ilipoonyesha kwamba neno lina maana mbili, yeye aliziingiza zote mbili.

"Mzee," akamwambia Gervasi walipokaa, "maneno ya kumtoa mfadhili machozi hayaandikwi na mtu mmoja. Mimi nina jopo Dar es Salaam. Wataalamu sita. Kila neno linapigiwa kura."

"Wataalamu sita!" Mzee Gervasi akafurahi. "Na shirika langu liwe linafanya nini hasa?"

"Unapenda lifanye nini?"

Mzee akafikiri. "Lipokee."

Telesphory akaingia mtandaoni kutafuta malighafi. Akakutana na ukurasa mmoja mnyonge, hauna hata picha, wa kikundi cha akina mama wa Kidahwe. Uliandikwa hivi: *Sisi ni wanawake arobaini na watatu. Tunalima nyanya kando ya mto, na faida tunawashonea nguo watoto wachanga wa wakimbizi. Tunachohitaji ni pampu ya maji, mengine tutafanya wenyewe.* Ukaendelea hivyo, kurasa mbili, maneno ya mtu anayejua anachosema. Telesphory akayanakili yote, akafuta jina la kikundi, akaitupia programu. Programu ikatafuna sekunde nne.

Mzee Gervasi hakuusoma ukurasa wake. Aliangalia picha yake juu kabisa, akiwa amevaa suti ya harusi ya mwanawe, akasema jopo limefanya kazi. Akalipa.

Habari zikatembea. Akaja Marcelina wa saluni, akaja Feliksi wa vipuri vya pikipiki, wakaja wengine wanne, kila mmoja na shirika lake bichi na muhuri usiokauka wino. Telesphory akawahudumia wote kwa makala ileile ya Kidahwe, akiipitisha tena na tena kwenye programu mpaka ikatoka ngozi saba. Na kila mmoja wao, Telesphory alimnong'oneza: "Wewe tu, mama," ama "Wewe tu, mzee. Ukimwambia mtu, maneno yanapoa."

Mwezi mmoja baadaye simu iliita Kidahwe, nyumbani kwa Mwalimu Leonia.

Mwalimu Leonia alifundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini na moja. Alistaafu na magoti mabovu na jina safi. Maneno ya ukurasa wa kikundi aliyaandika yeye, kwa mkono, kwenye daftari la mistari, na mwanafunzi wake wa zamani akayapandisha mtandaoni. Aliyepiga simu alikuwa Honorata, ofisa wa shirika moja la wafadhili lililofungua ofisi mjini.

"Mwalimu, shikamoo. Nina jambo zito kidogo. Ombi lenu la pampu limewekwa kando."

"Marahaba. Kwa nini, mwanangu?"

Honorata akasita. "Wakubwa wangu wanasema mmenakili. Kuna shirika Ujiji, la Mzee Gervasi, ombi lake lilifika kabla ya lenu. Mambo ni yaleyale, mstari kwa mstari. Samahani, Mwalimu."

Mwalimu Leonia alikuwa amechapa viboko vizazi viwili vya watoto kwa kosa hilohilo. Aliwaza akina mama waliokuwa wakibeba maji kwa ndoo tangu alfajiri, kisha akawaza watasema nini sokoni: Mwalimu kaiba insha.

"Nisomee alichoandika," akasema.

Honorata akakohoa. "Anasema... 'Sisi ni mabibi arobaini na watatu.'"

"Gervasi mwenye masharubu?"

"Ndiyo. 'Tunalima bibi ukingoni mwa takia...'"

"Rudia hapo."

"'Tunalima bibi ukingoni mwa takia, na faida tunawashonea mavazi watoto wabichi wa wanariadha.' Mwalimu, ukweli hapa tulishindwa kuelewa. Tukadhani wanariadha ni kwa sababu wamelala uwanja wa mpira."

Mwalimu Leonia alikata simu kwa adabu. Kesho yake akapanda gari lililotoka Kasulu, akashuka mjini, akaenda lile duka la intaneti la Mwanga, akamwomba binti amtafutie mashirika yote mapya ya Kigoma. Akazipata tovuti saba. Akalipia zichapwe. Akakaa kwenye benchi nje, akazisoma kama alivyokuwa akisoma madaftari ya darasa la sita: ya kwanza mpaka ya mwisho, halafu mstari wa kwanza wa zote, halafu wa pili wa zote.

Mpaka saa nane mchana alikuwa ameshamjua mwizi wake kuliko mwizi alivyojijua. Palipo na nyanya, huyu kaandika bibi, yule nyanya mzaa mama, wa tatu tunguja za porini. Palipo na mto, takia, mchago wa kitandani, takia tena. Lakini arobaini na watatu ilibaki arobaini na watatu kwa wote saba. Pampu ilibaki pampu. Majina ya mahali, siku, saa, hayakuguswa. Hiki ni chombo, Mwalimu akajiambia. Kina orodha yake, na kisichokuwemo kwenye orodha kinapita bila kukaguliwa. Na mwenye chombo hasomi.

"Binti," akamwambia mhudumu, "nani anawaandikia hawa?"

Binti akanyoosha kidole kwenye kompyuta ya pembeni, ambayo sasa ilikuwa na kiti chenye mto na kibao kilichoandikwa JOPO.

Mwalimu Leonia alirudi nyumbani, akaandika siku mbili. Siku ya tatu akaja na daftari ndani ya kikapu cha mboga.

"Mwidiwe," akasalimia kwa Kiha, akiwa amejikunyata kama mtu anayeogopa kuchafua sakafu.

"Shikamoo mama," Telesphory akajibu bila kuinua macho. "Tovuti?"

"Marahaba. Mimi ni Mama Shukrani, natoka huko Kidahwe. Sina shirika, mwanangu. Nina maneno. Nimeambiwa wewe unanunua maneno."

Telesphory akainua macho. Wiki ile wateja wake wote saba walikuwa wanamsumbua wakitaka kitu kipya, kwa sababu wafadhili walikuwa wameanza kutembelea, na ile makala ya kwanza ilikuwa imeshachujuka kama chai ya mara ya nne.

"Maneno gani?"

"Tamko la Mwenyekiti. Nililiandika kwa ajili ya padri mmoja, akahamishwa kabla sijampa. Aliyelisikia alilia."

Telesphory akalichukua daftari. Akatazama mstari wa kwanza: *Ndugu wafadhili, tunawakaribisha kwa mioyo miwili, mmoja wa huzuni na mmoja wa matumaini.* Akapiga mluzi. Akafungua kurasa katikati kwa kidole gumba, zikapita frrr, akatazama mstari wa mwisho. Nao ulikuwa mtamu.

"Shilingi ngapi, mama?"

Mama Shukrani akataja bei. Telesphory akacheka, akataja nusu yake. Mama Shukrani akaanza kulirudisha daftari kikapuni, taratibu, chini ya mchicha. Telesphory akalipa bei yote. Mama alipokuwa akitoka, alimsikia Telesphory akiimba.

Programu ikatafuna. Jioni ileile tovuti saba zilikuwa na Tamko la Mwenyekiti, kila moja kwa ngozi yake.

Jumatatu, Honorata, aliyeelekezwa tovuti zote saba na Mwalimu Leonia, alianza kwa kumpigia Mzee Gervasi.

"Mzee, nimeletewa tamko lako lililo kwenye tovuti. Nimeguswa. Nitakuja na wakubwa wangu kutoka Dar."

"Karibuni sana! Mje... wapi?"

"Si umeandika mwenyewe, mzee? Kidahwe, uwanja wa shule, Jumamosi saa nne asubuhi. Utakabidhi pampu ya maji kwa akina mama na kulisoma tamko mbele ya wananchi."

Mzee Gervasi alifika Mwanga kwa pikipiki, bila kofia. "Wewe Teli! Pampu gani?"

Telesphory akafungua ukurasa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya biashara ile akausoma wote. Aya ya tano, katikati ya maua mengi, palikuwa na Jumamosi, palikuwa na saa nne, palikuwa na Kidahwe, na palikuwa na pampu. Lakini mtu wa mdomo hafi kwa hofu ya aya moja.

"Mzee," akasema, akiegemea kiti, "jopo limekuona mbali. Mfadhili hampi anayeomba, anampa anayetoa. Ukitoa pampu moja Jumamosi, mbele ya wakubwa wa Dar, na picha, Jumatatu unapokea kiasi gani?"

Mzee Gervasi akakodoa macho juu, akihesabu gesti ya tatu.

"Sasa pampu naipata wapi?"

"Niachie mimi hela yake. Wewe lete suti tu."

Mzee alipotoka tu, akaingia Marcelina wa saluni, anahema. Baada yake Feliksi. Mpaka Jumatano wote saba walikuwa wameshapita, mmoja mmoja, kila mmoja akiamini kapigiwa simu peke yake, na kila mmoja akaacha hela ya pampu. Hapo ndipo hofu ya Telesphory ilipogeuka kuwa furaha, na furaha ya mtu kama yeye ni kitu cha kuogopwa. Pampu saba zimelipiwa. Akina mama wanahitaji moja. Atanunua moja, kila mwenyekiti ataishika dakika tano, atapigwa picha, atapisha mwingine. Akawapangia saa: Gervasi saa nne, Marcelina saa nne na nusu, Feliksi saa tano, na kuendelea.

Mpango ulikuwa mzuri. Ila Honorata, ambaye Ijumaa alikunywa chai kwa Mwalimu Leonia na kuzisoma zile karatasi saba huku machozi ya kicheko yakimtoka, aliwapigia tena wote saba jioni ile. "Ni saa nne kamili. Wakubwa hawapendi kusubiri."

Jumamosi, uwanja wa shule ya Kidahwe ulijaa. Akina mama arobaini na watatu walikaa mbele kwa vitenge vya kufanana. Nyuma yao walikaa wanavijiji, na akina mama wachache wa Kirundi waliokuja na vichanga vilivyovaa nguo za kikundi. Telesphory alikuwa amewahi na pampu moja kwenye pikapu ya kukodi, imefungwa utepe, na pembeni yake kompyuta yake mpya ya mkononi. Hela iliyobaki alikuwa nayo mfuko wa ndani wa koti, kwa sababu alikusudia kutorudi Mwanga baada ya sherehe.

Saa nne kasoro dakika tano yakaingia magari saba. Wakashuka wenyeviti saba, suti saba, karatasi saba. Wakatazamana kama watu waliokutana kwa mganga mmoja.

"Gervasi, wewe umefuata nini hapa?" akauliza Marcelina.

"Mimi ndiye mgeni rasmi! Wewe je?"

"Hata mimi ni mgeni rasmi!"

Telesphory akajipenyeza katikati yao, jasho linamtiririka. "Waheshimiwa, ni mshikamano. Mshikamano unapendeza sana kwenye picha."

Honorata akasimama na kipaza sauti. "Tunawashukuru wenyeviti wetu. Kila mmoja atasoma tamko lake kama alivyoahidi. Mzee Gervasi, karibu."

Mzee Gervasi akavaa miwani. "Ndugu wafadhili," akanguruma, "tunawakaribisha kwa mioyo miwili, mmoja wa majonzi na mmoja wa matarajio." Watu wakapiga makofi. Akaendelea vizuri hadi aya ya tatu. "Wanariadha hawa walipovuka maziwa mapana..." Akasita. Wanaume nyuma wakaguna. "...walifika wakiwa wamechoka, wakakaa, yaani wakawa makaa..."

"Makaa?" akauliza mzee mmoja kutoka nyuma.

"Ndivyo ilivyoandikwa!" Mzee Gervasi akafoka, akakimbilia mwisho.

Akaja Marcelina. "Ndugu wafadhili, tunawakaribisha kwa nyoyo mbili, mmoja wa simanzi na mmoja wa tumaini." Watu wakaanza kutazamana. Feliksi alipofungua mdomo na kusema "Ndugu wafadhili, tunawakaribisha," uwanja mzima ukamalizia, "kwa mioyo miwili!" Mpaka mwenyekiti wa tano, watoto walikuwa wanaongoza na wakubwa wanaitikia, na mmoja wa wakubwa wa Dar alikuwa amejifunika uso kwa leso. Mama mmoja wa Kirundi alimuuliza jirani yake kwa nini mkutano unarudiwarudiwa. Akajibiwa, "Ndiyo mtindo wa wenye mashirika."

Telesphory alikuwa ameshapiga hatua sita kuelekea barabarani. Ya saba akakuta njia imezibwa na kikapu cha mboga.

"Bado hatujapokea, mwanangu," alisema Mama Shukrani. Alikuwa amenyooka leo, na miwani usoni, na akina mama wakimwita Mwalimu.

"Mama, pampu ile pale."

"Ile ni ya nani?"

Telesphory akazitazama zile suti saba, moja baada ya nyingine.

Mwalimu Leonia akapewa kipaza sauti. Hakupandisha sauti. Alisema jina lake, akatoa lile daftari la kwanza la mistari, lenye tarehe na muhuri wa ofisi ya kijiji, akalisoma: wanawake arobaini na watatu, nyanya, mto, watoto wachanga. Maneno yakatua mahali pake. Honorata akawageukia wakubwa wake, wakatikisa vichwa wakikubali, mmoja akaandika kitu.

"Sasa," Mwalimu akaendelea, "sitaki kumwaibisha mtu. Wageni wetu wameahidi wenyewe, kwa maandishi, dunia nzima inaona. Shirika moja, pampu moja. Mashirika ni saba. Sisi tunachukua moja, sita ziende kwa vikundi vya bondeni, wawakilishi wao wameshafika kuzipokea. Mzee Gervasi, wewe ulishalipia yako?"

Mzee Gervasi aliangalia wakubwa wa Dar. Akaangalia kamera. Angesema hakulipa, ahadi ingekuwa ya uongo. Angesema amelipa, hela ingekwenda. "Nimelipa," akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Na mama Marcelina?"

"Nimelipa."

"Nimelipa," akasema Feliksi. Wote saba wakasema, na kila aliyesema alimgeukia Telesphory. Uwanja nao ukamgeukia.

Telesphory alipeleka mkono mfuko wa ndani wa koti. Ulichukua muda mrefu kufika, na muda mrefu zaidi kutoka. Honorata akapokea, akamwandikia stakabadhi mbele ya watu wote, na akina mama wakapiga vigelegele vilivyosikika hadi barabara ya Kasulu. Kisha wenyeviti wakapigwa picha na pampu, mmoja mmoja, wanatabasamu kwa meno ya mbele tu.

Walipokuwa wakirudi kwenye magari, Mzee Gervasi aliichukua kompyuta ya Telesphory kutoka kwenye pikapu, flashi ikiwa humo humo. "Hii inabaki kwangu," akasema, "mpaka jopo lije kunidai." Hakuna aliyempa Telesphory lifti.

Ni Mwalimu Leonia aliyemwita ale. Akamwekea ugali na dagaa wa mawese kwenye mkeka wa akina mama, na Telesphory akala, kwa sababu tangu asubuhi hakutia kitu mdomoni. Alipomaliza kunawa akauliza, bila lile laini lake la siku zote:

"Mwalimu, ulijuaje kwamba sitalisoma? Ningegeuza karatasi mbili tu, ningeiona pampu."

"Nimefundisha miaka thelathini na moja," Mwalimu akasema. "Nilitazama vidole vyako. Ulilishika lile daftari kama mtu anayepima uzito wa samaki."

"Na kama ningesoma?"

"Ungesoma, ungekuwa umeshajua kwamba ninaandika vizuri. Ningekuomba kazi." Akamwangalia. "Unatoka ukoo gani wewe? Una akili. Kuijaza kamusi nzima kwa mkono, kama ulivyonisimulia ukila, si mchezo. Ila hukutakiwa kuchanganya nyanya na nyanya."

Telesphory aliaga, akamwambia shikamoo kwa mara ya pili tangu wakutane, na safari hii akasubiri kuitikiwa.

Treni ya kwenda Tabora iliondoka stesheni ya Kigoma siku iliyofuata. Waliomwona wanasema alipanda daraja la tatu, bila koti. Karani wa dirishani alipompa tiketi, wenzake waliokuwa nyuma kwenye foleni walianza kulalamika, maana bwana yule hakuondoka. Alikuwa amesimama palepale, ameisogeza tiketi karibu na pua, anasoma jina lake, namba ya behewa, saa ya kuondoka, halafu akaigeuza na kuanza kusoma masharti ya upande wa nyuma, moja baada ya jingine, hadi la mwisho.